Tata Tharcisse na chupa ya verni

Tata Tharcisse Mpoyi alitumika myaka makumi tatu na moja mu depo yetu ya bunduki ya polisi, hapa Kolwezi. Tarehe 31 mwezi ya tatu anaenda retreti, anamaliza kazi. Mi nabebaka masanduku pale. Bakubwa ba depo balisema niandike neno ya kumuaga. Naandika.

Zamani kila bunduki ilikuwa na bipande yake. Ukichanganya, inakwama. Njo Tata akaanza kupaka kila moja rangi yake, na verni, ile rangi banamuke banapakaka ku makucha. Chupa ya kwanza alinunua kwa bibi yangu, marehemu Mamie, ku soko ya Kapata. Mamie alizani Tata iko na mwanamuke wa pembeni. Alicheka juma nzima.

Kisha bunduki ya mupya ikafika. Unatoa mulomo murefu, ile bomba risasi inapitia, unatia mufupi. Unabadirisha kitako. Ya poli na ya muji, bunduki ni ileile. Mwalimu aliyekuja nayo alisema kila kipande kinaingia kwa kila bunduki, rangi haina kazi tena. Bote tulicheka. Tata akafungua verni.

Alikuwa anaunga bipande macho yamefungwa. Vumbi ya mine, kule banachimba shaba, inaingia ku dirisha, inang'aa juu ya mikono yake, polepole. Ungesema analala. Hapana. Alikuwa anasikiliza sauti ya kila kipande. Na sisi tunamutazama, kama batu ba mu ndoto moja.

Asubuhi moja kapiteni Nkulu anangoja bunduki mu gari. Tata akaona mulomo ya nyekundu ku bunduki ya nyeupe, bunduki ya polisi Naomie. Ile nyekundu alikuwa ameitenga, sauti yake haikumupendeza. Akakatala kutoa ile bunduki inje ya depo. Kapiteni akasema atamuandikia retreti leo leo.

"Andika, kapiteni. Hii haitoke."

Bakatazama ule mulomo na loupe, kioo ya kukuza. Ufa, kama unywele. Ingepasuka mu uso ya Naomie.

Kapiteni akauliza nani alichanganya. Tata akajibu kosa ni ya depo. Jina hakutaja, myaka sita. Mi nataja: ni mi, Kalumba. Nilikuwa nasafisha. Kipande kiliingia muzuri, bila kelele.

Sasa Tata anaenda kulima mashamba kule Musumba. Naomie njo anabakia na bunduki ku depo, pahali pa Tata. Juzi nilimukuta ku meza ya Tata, macho yamefungwa, vumbi juu ya mikono. Chupa ya verni pembeni, wazi.

Aksanti, Tata. Ulime muzuri, ulale muzuri. Hapa kila kipande kiko na rangi yake.