Insulini Inabisha Hodi

Kwenye gari la kutoka Bura kwenda Voi, mzee aliyeketi mbele yangu alikuwa akimlalamikia jirani yake, msichana anayesomea uuguzi. Alisema binti yake, Moureen, anamhamishia mjini akapumzike, asipande tena mlima kwenda shambani. "Ati sukari. Ati mwili umezeeka."

"Babu, insulini yako inabisha hodi kwenye misuli ili sukari iingie," msichana alisema, "lakini vipokezi vya mlangoni havisikii vizuri. Uzee huleta hali hiyo, na kukaa tu huzidisha."

"Kwa hiyo mimi ni nyumba ya viziwi?" Msichana akacheka. "Wanasikia, babu. Ukitembea, misuli hufungua upesi. Ila dawa usiache."

"Basi shuka nami umwambie Moureen." Msichana alijitetea kwamba yuko mwaka wa pili tu wa masomo. "Mimi niko mwaka wa sabini na nne," mzee akasema, "na bado hanisikii."

Mimi nina digrii ya biashara. Nilitamani sana kusaidia, nikafungua dirisha.

Gari liliposimama, Moureen alikuwa amekwisha kumwitia babake bodaboda. Mzee alimshika binti yake mkono, akamwambia mwendeshaji, "Wewe tangulia na mizigo. Sisi tunakuja kwa miguu."