Siku Mataifa Yalipopiga Kura, Mlangoni kwa Suhad

Siku ile kwenye benchi la Abu Rushdi, muuza kahawa wa mtaa wa Bab Hutta, ndani ya kuta za mji wa Quds, yaani Yerusalemu, walikuwapo hawa: Hajj Fakhri, ambaye mtaa mzima humwita Turufu kwa kuwa hajawahi kuliacha neno la mwenzake lipite, Jiryis kinyozi, aitwaye Balozi kwa sababu aliwahi kumnyoa balozi mmoja, akamkata na sikio, Ustadh Wajih, mwalimu mstaafu, jina lake la benchini Ramani, maana hawezi kuzungumza bila kuchovya kidole kwenye kahawa na kuchora mipaka juu ya ubao, Abu Rushdi mwenyewe na birika lake, na Suhad, mama kijana, na bintiye mchanga Maysam kifuani, ameketi kwenye kizingiti cha mlango wake ulio ubavuni mwa benchi. Tangu alfajiri alikuwa amesugua nyumba nzima. Sasa alikuwa anawangoja watu wa ofisi ya vitambulisho.

Ofisi ilitaka kujua kama kweli anaishi mjini. Munir, mumewe, anapika kwenye hoteli za kusini na hurudi nyumbani kwa nadra. Suhad alipojifungua, alikwenda kulelewa uzazi kwa mama yake Al-Izariyya, ng'ambo ya ukuta wa zege unaoutenga mji na vijiji vyake, mpaka arobaini itimie, kama afanyavyo kila mwanamke mwenye mama. Katikati ya arobaini hiyo kijana mmoja mwenye adabu alikuja kubisha hodi. Abu Rushdi alimkaribisha kahawa, akamwambia kwa furaha, "Kajifungua binti! Yuko kwa mama yake, Al-Izariyya." Kijana alishukuru, akaondoka. Leo anarudi. Akiona maisha ya Suhad hayako hapa, kitambulisho cha mji kitachukuliwa, na Maysam hataandikishwa kuwa mtoto wa mji huu.

Abu Rushdi hakuwa amelala vizuri tangu siku alipojua alichokifanya. Suhad hakumlaumu hata kidogo. Kila asubuhi alimwamkia vilevile, "Shikamoo, ami," na mzee akazidi kuona haya.

Redioni walikuwa wakisema mataifa yanapiga kura tena juu ya hadhi ya mji.

— Safari hii yamekwisha, alisema Balozi akiongeza sauti ya redio. Yerusalemu inakuwa ya dunia nzima. Haina mwenyewe.

— Thubutu! Turufu akadakia. Kitu cha wote hufagiliwa na nani? Nenda kaone choo cha sokoni.

— Hajj, unautia mji wa Mitume chooni?

— Nimeutetea, we kinyozi! Wembe wako butu, na akili vilevile.

Ramani alikwisha chovya kidole.

— Tazameni hapa. Mambo ni rahisi. Ijumaa mji wa Waislamu. Jumamosi wa Wayahudi. Jumapili wa Wakristo.

— Na siku zilizobaki?

— Unafungwa. Unaoshwa.

— Na sisi tunaokaa ndani, Ustadh?

— Mnaanikwa juani pamoja na mazulia.

Suhad alicheka, akamfunika Maysam asiamke.

— Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema Turufu. Hawa wajumbe wa mataifa tumewapa jembe tangu babu yangu yu hai. Wanalipiga picha, wanaondoka.

— Ndiyo maana wakasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akajibu Balozi. Mabalozi hawatembei. Wanapanda magari.

— Hilo linahusu nini?

— Linahusu miguu! Sasa nisikilizeni, maana hii siri niliipata kwenye kiti changu cha kunyolea. Wakubwa wamechoka. Watajenga mji mwingine jangwani, jiwe kwa jiwe kama huu. Wanaotaka kupigana waende kupigania ule.

— Na upi utakuwa mtakatifu?

— Utakaokuwa na maegesho.

— Siafiki, akasema Turufu. Mimi nasema wautundike hewani kwa minyororo. Asiufikie mtu. Kila mmoja auone kwa mbali, aswali kwa mbali, aende zake.

— Na ukidondoka?

— Ukidondoka, watapiga kura.

Abu Rushdi akamjazia Suhad kikombe bila kuulizwa, akainama karibu naye.

— Ndani kukoje, binti yangu?

— Safi, ami. Nimefuta mpaka mapengo ya dirisha.

— Na friji?

— Linang'aa. Halina kitu ila jibini ya mama.

Birika lilisimama hewani.

— Ole wetu. Safi kama nyumba ya kupangisha! Walipokwenda kwa Umm Salim walitazama miswaki. Walishika kitanda. Nyumba yenye mtu ina uchafu wake, mwanangu. Hao hutafuta uchafu.

Suhad alihisi maziwa yakimkauka. Mama yake alimfundisha kwamba mgeni hapokewi na vumbi, na leo usafi ndio umegeuka ushahidi dhidi yake.

Umm Salim, jirani wa ghorofa ya juu, alisikia yote dirishani. Alishuka na sufuria yenye ukoko wa wali, akaiweka jikoni bila kuiosha. Wanawake wa upande wa pili wakajaza friji mabaki ya chakula chao, wakaleta na nguo mbichi, wakazitundika kamba nzima. Ramani akatawanya magazeti yake sebuleni, akachora na mpaka mmoja wa kahawa mezani. Balozi akaleta brashi ya kunyolea na miswaki. Turufu alisimama, akavua kandambili zake mwenyewe, akaziweka kando ya kitanda ziwe za Munir, akarudi benchini miguu mitupu. Hakupinga neno.

— Nyumba bila viatu mlangoni ni duka, alisema Umm Salim, akapanga mlangoni viatu vya shule vya wanawe, jozi baada ya jozi.

Suhad alilia. Hakujua kama analia kwa hofu au kwa zile kandambili.

Kijana wa ofisi alifika wakati redio inahesabu kura. Alisalimu, akaomba ruhusa, akaingia. Wote wakasimama mlangoni. Alifungua friji, akatazama chakula cha majirani, akatikisa kichwa kuafiki. Alitazama miswaki. Alitazama kitanda na kandambili. Balozi alimfinya Ramani kwa furaha. Kijana akatoka, na pale kizingitini akasimama.

— Dada, una watoto wangapi?

— Mmoja. Huyu.

Maysam alikuwa anapiga miayo. Kijana akainama, akaokota kiatu cheusi chenye matope ya uwanja wa shule.

— Basi hivi ni vya nani?

Watu waliokuwa wakiyaamulia mataifa yote walitazama chini. Ramani hakuwa na kahawa ya kuchovya. Abu Rushdi, aliyesema sana mara ya kwanza, safari hii aliogopa hata kukohoa. Suhad alitaka kusema ni vya jirani. Lakini vikiwa vya jirani, sufuria ni ya nani? Miswaki je? Na Hajj Fakhri mbona anakanyaga jiwe baridi miguu mitupu?

Kijana alingoja. Hakuwa na ukali usoni, na hilo ndilo lililomuumiza Suhad zaidi. Alikirudisha kiatu chini taratibu, sawasawa na mwenzake, kama mtu aliyelelewa vizuri na mama yake.

— Mungu akukuzie binti, alisema, akaenda zake.

— Tuseme ni vya binamu! alinong'ona Balozi, kijana alipokwisha pinda kona.

Umm Salim akaanza kukusanya viatu.

Kura ilipita kwa wingi mkubwa. Zabibu hazikuwa zimeiva bado Suhad, asiye na kitambulisho cha mji tena, alipohamia ng'ambo ya ukuta, na Maysam alijifunzia kutembea huko.