Mama Perez, Aliyeifundisha Kompyuta Majina ya Kina Mama

Tarehe 30 mwezi huu Bi. Perez Awuor anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika masjala ya shirika letu la wavuvi hapa Kisumu. Tusidanganyane: wengi wetu hatujui tutamuuliza nani.

Aliingia akiwa karani wa mafaili, akapanda hadi msimamizi. Maswali ndiyo ugonjwa wake. Tulipoletewa programu ya kutafuta mafaili kwenye kompyuta, sisi tuliandika neno, tukabonyeza, tukangoja bahati. Yeye alitaka kujua kila kitufe. Alimfuata Bwana Wekesa wa kompyuta hadi kantini, sahani ya dagaa wa omena mkononi, amuulize alama ya nyota inafanya kazi gani. Wekesa akamweleza kwamba inasimama badala ya herufi usizozikumbuka. Mama Perez akacheka, akasema basi hiyo ni nyota ya wazee, yake kabisa!

Mwezi haukuisha kabla hajajua kubana utafutaji kwa mwaka, kwa folda, hata kuondoa maneno asiyoyataka. Akaipanga programu apendavyo, ikawa kama jikoni kwake: bila yeye hupati hata kijiko.

Mwaka juzi udadisi huo ulituokoa. Rachael Akoth, kiongozi wa kina mama wanaoanika omena Usenge, alifika uso umemshuka. Tajiri mmoja alikuwa anadai uwanja wao wa kuanikia, na kesi ilikuwa Alhamisi. Nakala yao ya barua ya 1998 iliyowapa uwanja ilikuwa imeharibiwa na mafuriko. Iliyobaki ilikuwa kwetu.

Tukaandika Rachael Akoth. Hakuna kitu. Kosa lilikuwa letu. Tulipopiga picha karatasi za zamani, kila faili tulilipa jina la aliyeileta barua, na huku kwetu mama huitwa kwa mtoto wake. Programu nayo haikuweza kusoma maandishi ndani ya picha zile. Tukaandika Mama Lornah, anavyoitwa na kila mtu. Wapi!

Jumatano mchana Mama Perez alimvuta Rachael kando, akamshika mkono, akamuuliza polepole kama Lornah ndiye kifungua mimba. Rachael akasema la, alitanguliwa na Dishon, aliyefariki akiwa na miaka sita. Tangu hapo aliwaomba watu wasimwite tena kwa jina la mtoto huyo.

Mama Perez alimwomba ruhusa kwanza, ndipo akaandika. Mama Dishon, folda ya Usenge, mwaka 1998. Likatokea faili moja tu. Jamani, tulilia ofisi nzima, na Wekesa alilia kutushinda sote. Uwanja ukabaki wa kina mama.

Mama Perez hakutulia. Aligundua kwamba programu hukubali kufundishwa majina mbadala, akakaa miezi minane akiunganisha kila mama na majina yake yote, la kitambulisho na la mtoto. Amewamaliza mia sita na arobaini. Alipomfikia Rachael alimpigia simu, kuuliza kama aliondoe jina la Dishon. Rachael akamjibu aliache, maana hakuna mahali pengine panapomwita mama yake Dishon.

Erokamano, yaani asante sana, Mama Perez. Tunakuombea afya, wajukuu wengi na maswali yasiyoisha.