Vikombe Vinampigia Nasra Kura

Mbele ya kibanda cha kushonea cha Pitchou, pale Bellevue, Johannesburg, kuna kiti cha nyuma kilichong'olewa kwenye teksi mbovu, na hicho ndicho kijiwe chenyewe. Jumamosi asubuhi Shehe, Mzanzibari wa watu, huteremka na birika lake la kahawa ya tangawizi, na kuanzia hapo hakuna jambo la dunia linalopita bila hukumu. Wakishindwa kuelewana hupiga kura kwa vikombe: cha kufunika huku, cha kusimama kule. Wameshapigia kura mahari za watu wasiowajua, wameshapigia kura hata dawa ya mende. Jumamosi hii kura ilikuwa ya mwenzao Naseeb, na haikuwa ya utani, maana Jumatatu alitakiwa kuwajibu makocha wawili. Binti yake Nasra, miaka kumi, anateleza kwenye barafu na anacheza jimnastiki. Kote kuwili wamesema mtoto ana kipaji, mazoezi sasa ni kila siku, aache kimoja. Naseeb alipomuuliza, mtoto alimjibu kwa Kiingereza chake cha hapa Joburg kwamba baba achague. Tangu hapo Naseeb hajala akashiba.

— Mimi nafunika, alisema Shehe, akakilaza kikombe chake kifudifudi. Jimnastiki. Mtu wa pwani na barafu wapi na wapi, Baba Nasra? Nilifanya kazi chumba cha baridi cha bucha miezi mitatu, na goti hili mpaka leo halijayeyuka.

— Goti yako ni uzee, alisema Pitchou, fundi wa Lubumbashi, uzi ukiwa mdomoni. Mi kikombe yangu inasimama. Mutoto aende ku barafu. Ile jimnastiki inazuia mutoto kurefuka. Binamu yangu wa Likasi aliruka-ruka miaka mbili, akabakia pale pale. Leo ni mwanaume ya ndevu, na suruali yake naikata ku kitambaa ya mutoto.

— Sema tu unataka kumshonea vile vigauni vya kumetameta.

— Na nikitaka? Ku barafu majaji wanaangalia nguo kwanza. Donc, fundi ni nusu ya ushindi.

Duni, wa nne wao, alikuwa bado anakigeuzageuza kikombe chake. Wanamwita Robot, jina la taa za barabarani huku, kwa kuwa rangi yake haidumu.

— Barafu, alisema hatimaye, akasimamisha kikombe. Lakini wanavaa visu miguuni jamani. Akakifunika.

— Eish, Robot, amua, alisema Shehe.

— Naamua. Mnajua wale wa barafu wakizunguka sana ubongo unahamia upande mmoja? Nimeona kwenye simu. Ndiyo maana wanatabasamu hata wakianguka.

— Na wa jimnastiki? aliuliza Pitchou. Kule Berea kulikuwa na mumoja, ghorofa ya tisa, anapanda ngazi na mikono. Mwisho alinunua kandambili ya mikono.

Robot aliposikia hivyo akakisimamisha tena kikombe, akasema sasa basi, hakigusi.

Naseeb alicheka nao, kicheko cha juu juu. Kikombe chake bado kilikuwa mkononi.

— Na wewe, Baba Nasra? Moyo uko wapi?

— Moyo wangu uko Tanga, Shehe. Uongo wa nini?

Na kweli ulikuwa Tanga. Alipokuwa na umri wa Nasra, kila baada ya alasiri walizika matairi nusu kwenye mchanga wa Raskazone, wakaja mbio, wakakanyaga tairi, wakapaa. Naseeb alikuwa mwepesi kuliko wote, kwa hiyo kwenye mnara wa watu aliwekwa juu kabisa, nyayo zake mabegani mwa rafiki yake Muhammad, bandari yote ikiwa chini yake. Weee, utoto ule. Sarakasi ndiyo iliyomleta Johannesburg na wenzake wanane. Kikundi kikasambaratika, mguu ukateguka usipone sawasawa, akabaki anauza makava ya simu. Siku alipomwona Nasra akibinuka juu ya godoro kwa mara ya kwanza, alilia mbele za watu na hakuona haya.

— Kule jimnastiki nakaa dirishani mwanzo mpaka mwisho, alisema. Hajaruka bado, mimi nishajua atatua vipi. Ile ni mimi mwenyewe, Shehe.

Akakifunika kikombe. Wawili kwa wawili.

Hapo ndipo alipotokea Agnès, mama wa Bukavu aliyehamia mtaani wiki iliyopita kutoka Diepsloot. Alifuata suruali yake ya kazi ya ulinzi, akakuta pindo halijaguswa.

— Kaa, mama, pindo ni dakika mbili, alisema Pitchou, naye Shehe akamtilia kahawa na kumweleza habari yote. Akamwambia, kunywa, halafu utuamulie. Kura yako ndiyo ya mwisho.

Agnès alikunywa taratibu mpaka akamaliza. Akakizungusha kikombe mkononi.

— Mimi huyo mtoto simujui. Huko kwenye barafu, akimaliza, nani anamupigia makofi?

Shehe alimtazama Pitchou. Pitchou akamtazama Robot. Wote watatu wakamgeukia Naseeb.

— Mimi huwa namwacha mlangoni, alisema Naseeb. Mle ndani kuna baridi. Hata sasa yuko huko, mpaka saa tano.

Naseeb akamkumbuka mama yake, kapu la mihogo kichwani, amesimama pembeni ya mchanga. Sarakasi hakuijua hata kidogo, bi mkubwa yule. Alipiga makofi hata mwanawe alipokuwa anafunga tu kamba ya kaptula, wenzake wakamcheka, na Naseeb akaona fahari hivyo hivyo. Moyo ulimuuma Naseeb, ukamuuma kwelikweli.

— Si baridi, alisema. Naogopa nikiingia nitamkuta anaweza, na ile si mimi.

Shehe aliinamisha birika, halikutoa kitu. Pitchou alivua koti lake la sufu, akamwekea Naseeb mapajani.

— Vaa, Papa Nasra. Ni saa ine na nusu.

Naseeb alilivaa, likambana mabegani, akaondoka haraka kwenda kutafuta teksi.