Wimbo Ambao Kijiwe Hakikuusikia

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali moja, na limeegemezwa kwenye ukuta wa karakana ya Fundi Spika. Kwa hiyo Fundi hana haja ya kutoka nje ili awe kijiweni. Dirisha likiwa wazi, yumo. Anachomelea nyaya zake huku anasikia kila upuuzi unaosemwa, na akichoka kuvumilia anatia neno. Siku ile dirisha lilikuwa wazi, saa tisa ilishapita, na Fundi hajatia neno hata moja. Wenzake walijua sababu. Saa kumi, kwenye ukumbi wa shule, ilikuwa ionyeshwe kwa mara ya kwanza sinema ya vijana wa mtaa, ya mapenzi, vichekesho na muziki, iliyotengenezwa kwa kamera moja ya kuazima. Na msichana mwenyewe wa sinema, anayependwa na anayeimba, alikuwa binti yake Fundi, mtoto wa miaka kumi na saba. Mama yake alishatangulia na shoga zake kuwahi viti. Fundi yeye alikuwa kainamia redio.

— Nawaambieni, watoto wale wanasahauliana, alisema kinyozi wa mlango wa pili. Hapa kijiweni anaitwa Bwana Uhakika, maana hajawahi kukosea, kwa maelezo yake mwenyewe. — Nina uhakika.

— Uhakika gani, na sinema haijaonyeshwa? aliuliza Mama Pindo, mshonaji wa ng'ambo ya njia, aliyekuja na sketi ya mtu mapajani anapiga lukwili kwenye pindo huku anabishana.

— Si walirekodi kwangu? Kijana kakaa kwenye kiti changu, nusu kichwa kimenyolewa. Binti anaingia, anamwangalia, anacheka. Kijana anamuuliza, "Unaitwa nani?" Haya! Unaitwa nani! Na siku mbili nyuma walikuwa kwako wanakumbatiana.

— Kweli bwana, walikumbatiana, Mama Pindo alikiri. — Katikati ya vitambaa vyangu. Binti kavaa gauni la kwenda kwenye mashindano ya muziki, mwenzake kashika gitaa, machozi yanawalengalenga. Mimi mwenyewe nililia. Nikajidunga sindano.

— Na katikati hapo wakagombana kwangu, alidakia muuza kahawa. Huyu wanamwita Nusu Kikombe, na anayetaka kujua kwa nini anunue kahawa yake. — Benchi hilihili. Binti kampokonya kijana gitaa, waya ukakatika, twang! Akaondoka. Nikampa kijana kahawa ya bure, nikidhani kaachwa kweli.

Sasa mkasa wote uko hapo. Vijana wale hawakuwa na studio, wakawa wanaomba: leo duka la huyu, kesho benchi la yule. Kila mtu kijiweni aliona kipande kimoja tu, na hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba sinema huweza kurekodiwa mkia kwanza. Wao waliipanga hadithi kwa kufuata kalenda. Jumatatu walikumbatiana, Jumanne wakagombana, Jumatano wakaulizana majina.

— Kwa hiyo kijana aligongwa kichwani, akasema Bwana Uhakika. — Na lile gitaa. Kumbukumbu zote zikafutika. Ndiyo maana kaja kunyoa, anatafuta jeraha. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Inahusu nini hiyo?

— Si aliinamisha kichwa nimnyoe?

Mama Pindo alikata uzi kwa meno.

— Ukumbuke na binti naye hakumjua. Wote wawili wamegongwa? Hapana. Ni mapacha. Aliyekuja kwangu ni mmoja, aliyekuja kwako ni mwingine. Mtu mmoja hawezi kuwa na kiuno cha vile kwenye gauni langu halafu awe na kiuno cha vile kwenye sare ya shule. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Mapacha! Baba yake si huyo dirishani? Fundi, una mapacha?

Fundi alipuliza moshi wa risasi ya kuchomelea, akabadilisha waya uliokuwa mzima.

— Nyote hamjui, alisema Nusu Kikombe, akishusha sauti. — Ni gitaa. Mliliangalia vizuri? Lina ufa mgongoni. Gitaa lile lina mwenyewe, na mwenyewe hayupo duniani. Kila waya ukikatika, anayelipiga anamsahau anayempenda. Kuna nyaya sita. Kwa hiyo watapendana mara sita, na ya saba...

— Ya saba?

— Kinywa changu hakimo.

Walicheka hadi tofali likasogea. Wakati wote huo Fundi alikuwa anatazama kikaratasi kilichobanwa chini ya kopo la misumari. Mwandiko wa binti yake. "Baba, saa kumi. Nimekuwekea kiti." Kilikaa pale siku tatu na alikuwa hajakigusa. Vijana walipokuja kumwomba karakana ili warekodi humo, aliwafukuza. "Nendeni na kelele zenu." Binti yake alikuwa amesimama nyuma ya kamera, akageuka, akatangulia kuondoka. Tangu siku hiyo mtoto alimwamkia asubuhi, akamtilia maji ya kunawa, na zaidi ya hapo hana la kusema naye. Ilimuuma Fundi. Ilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kumwonyesha mtu yeyote, na ndiyo maana aliing'ang'ania ile redio.

— Shemeji, Mama Pindo alimwita taratibu, bila utani sasa. — Unakwenda, huendi?

— Nina redio ya watu hapa.

— Redio imekuwa mgonjwa mahututi?

— Mwache, alisema Bwana Uhakika. — Mzazi gani atakaa mbele ya watu kumtazama bintiye anasema nakupenda?

— Anamwambia mtoto mwenzake, kwenye mchezo! Wewe ulioa bila kusema?

— Mimi nilituma mshenga.

Hapo akatokea mwanamke mmoja, mgeni wa mtaa, kamshika mkono mtoto wa miaka sita hivi aliyekuwa anarukaruka. Aliwaamkia, wakamwitikia. Nusu Kikombe akamsogezea kikombe, na kwa heshima ya ugeni akakijaza.

— Samahanini, ndugu zangu. Nautafuta ukumbi wa shule. Huyu mwanangu kasikia kuna sinema ya nyimbo, hajala tangu asubuhi kwa furaha. Wanasema msichana anayeimba ni wa mtaa huuhuu?

— Wa hapahapa! Mama Pindo alijipiga kifua. — Gauni nimeshona mimi.

— Amenyolewa kwangu, alisema Bwana Uhakika. — Yaani mwenzake.

— Mashaallah. Na sauti yake ikoje?

Bwana Uhakika alilirudisha tofali mahali pake kwa mguu. Mama Pindo akaitazama sindano yake.

Maana ukweli ni kwamba hawakuisikia. Nyimbo zile vijana walizirekodi kabla, kwenye stoo ya shule, wamejizungushia magodoro ili mwangwi usiingie. Walipokuja madukani, binti alitiwa kidude sikioni, akawa anafumbua tu mdomo na kuufumba, na kinyozi akamwambia mteja wake kwamba sinema za siku hizi zinaigizwa na samaki.

— Ikoje? mwanamke alirudia. — Nzito? Nyembamba?

— Muulize baba yake, alisema Nusu Kikombe. — Yule pale dirishani. Anakaa naye nyumba moja.

Wote wakageuka. Hata yule mtoto aliacha kuruka.

Fundi alifungua mdomo kujibu. Miaka ishirini na mitano amezitibu spika za mtaa mzima; kengele ya baiskeli ikipita nje anakujulisha ya nani. Akaitafuta sauti ya mwanawe, asiipate. Alichokipata ni jioni moja, mtoto ana miaka minane au tisa, anaosha vyombo uani na kuimba, na yeye baba anatoa kichwa mlangoni. "Mama, nyamaza. Masikio yangu yamefanya kazi kutwa." Nyumbani kwake redio hazifunguliwi, wote wamezoea, wanasema baba anapumzisha masikio. Mtoto alinyamaza. Na Fundi, masikini ya Mungu, alidhani ameacha kuimba. Miaka yote hiyo alijisifu kwamba ana mtoto mtulivu.

— Sijui, alisema.

Kijiwe hakikuwahi kumsikia Fundi akisema sijui kuhusu kitu kinachotoa sauti. Bwana Uhakika alikohoa, akatafuta methali, akaikosa.

— Samahani, baba, alisema yule mwanamke, aibu ikimshika. — Sikuwa na nia mbaya.

— Hujakosa, mama. Hujakosa hata kidogo.

Akachomoa pasi ya kuchomelea. Akajifuta mikono kwenye surupwete, suruali yake ya kazi, akatazama shati lililojaa matundu ya cheche, akalikubali hivyohivyo. Alipotoka mlangoni macho yalikuwa mekundu, na hakusingizia moshi.

— Shati jingine basi, Mama Pindo alimkimbilia. — Ngoja nikupe la mteja!

— Saa ngapi sasa?

— Kumi kasoro robo. Fundi, na redio ya watu?

— Mwenye redio mwambieni aje kesho. Nakwenda kumsikiliza mwanangu.

Akaondoka kwa miguu mirefu, hata mgeni na mtoto wake ikabidi wakimbie ili waonyeshwe njia.