Tuta la Marehemu Aflah bin Muslim katika Kinamasi cha Qurum

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, na amani iwe juu yenu nyote mliokaa nasi siku hizi tatu za matanga. Mimi ni Yaarub bin Muslim, mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi ya kusoma wasifu wa mtu aliyetuchosha sote, nami nitamsoma kama alivyokuwa.

Marehemu Aflah alizaliwa tarehe 3 Julai 1911, kaskazini mwa Unguja, katika nyumba iliyotazama bonde la mpunga, akasoma chuo cha Qurani, kisha skuli ya mjini, na mwaka 1932 akawa bwana shamba wa mabonde yale yale ya kwetu. Babu yetu alilikuta bonde lile limejaa matete na maji mwaka mzima, akafyeka, akalima, baba yetu akalima zaidi, na masika yalipoanza kuchelewa bonde likapungua maji, bahari ikapanda kila bamvua, maji makuu ya mwezi, hadi kwenye mpunga. Mwaka 1938 marehemu aliwakusanya watu wakajenga tuta la kuzuia maji ya chumvi, mvua ikaiosha ardhi, wakavuna, na tangu hapo ndugu yangu akaamini kwamba hakuna kinamasi duniani kisichotibika kwa tuta.

Tarehe 14 Septemba 1941 alimwoa Bi Masouda binti Khalfan, wakajaaliwa binti mmoja, Mahbuba.

Mwaka 1964, baada ya yaliyotufika, tulishuka Maskati na nguo tulizovaa, na wakati sisi tunahangaika kutafuta kazi, marehemu alikwenda Qurum, akaiona mikoko, mkondo wa bahari na bonde la mto mkavu nyuma yake, akarudi anacheka. Nilimwambia kwamba hapa hakuna masika, mvua ikija ni siku mbili kisha ni jua tu, akanijibu, "We Yaarub, maji ni maji."

Mwaka 1965 akauziba mdomo wa mkondo kwa tuta, akamwaga mbegu za mpunga. Zikaota, zikafika magotini, tukaitwa kuzitazama, kisha jua likayanywa maji yote na kuacha chumvi nyeupe, kwa kuwa bahari iliyokuwa ikiingia na kutoka na kuiosha ardhi ile alikuwa ameifungia nje. Mikoko ikageuka manjano, chumvi ikaingia kisima cha jirani yetu Bi Nasriya, na mindimu yake ikakauka mmoja mmoja. Mtu mwingine angeona. Yeye aliongeza tuta kimo, na kila mwaka baada ya hapo akaliongeza tena, na kila tulipomwomba Bi Masouda amkataze, Bi Masouda alitumiminia kahawa.

Januari mwaka huu wa 1970 mvua ilinyesha, maji yakasimama nyuma ya tuta, mbu wakazaliana, na tarehe 20 Februari marehemu alishikwa na malaria aliyojifugia mwenyewe, akafariki Alhamisi tarehe 12 Machi, baada ya kuusia kwamba tuta lisiguswe. Nimekasirika, jamaa zangu. Nilimpenda kaka yangu, na nimekasirika kwa sababu sina tena wa kugombana naye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, na wenzake wa zamani wa kilimo waliokuja kutoka mbali.

Mbele ya jeneza tuliuliza, kama ilivyo ada, nani yu radhi na marehemu, na wote waliitikia, isipokuwa Bi Nasriya, aliyetuma neno kwamba hamsamehi maadamu tuta limesimama, na haki anayo. Wasia unanivuta huku, radhi inanivuta kule, na niliogopa kumuuliza mjane. Leo asubuhi nilimwendea nyuma ya pazia.

"Wasia wa kumdhuru jirani si wasia," alisema Bi Masouda. "Mimi nimo edani, siwezi kutoka." Akapitisha jembe la marehemu chini ya pazia. "Kila mwaka nikilificha, na kila mwaka akilipata. Chukua, kalibomoe."

Kesho baada ya sala ya alfajiri tunakwenda Qurum, na mwenye jembe aje nalo. Allah akulaze pema, kaka Aflah, na Bi Nasriya akuridhie.