Fundi Majokofu Aliyepima Baridi kwa Kiganja

Wazazi wetu, ndugu, majirani, na ninyi akina baba mliokuja na watoto mikononi, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Historia hii imeandikwa na binti wa marehemu, na inasomwa na mdogo wa marehemu, fundi cherehani, kwa ombi lake mwenyewe. Ndani yake ipo siku moja ambayo ukoo umeisimulia kwa namna moja kwa miaka kumi na saba, na leo itasimuliwa jinsi ilivyokuwa, kwa hiyo mnaombwa uvumilivu msomaji akisita.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 11 Februari 1976, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyotazamana na kiwanda cha magodoro, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mlinzi wa ghala na mama aliyeuza vyombo sokoni. Mdogo wake alimfuata mwaka 1981, na kwa kuwa baba yao alilala mchana na mama yao alishinda sokoni, marehemu ndiye aliyembeba mgongoni akiwa bado mtoto mwenyewe, akamtembeza mtaani, akamchezesha, akamsafisha, hata wenzake wakamwita Yaya, jina alilolichukia kwanza, akaja kulipenda.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1984 hadi 1990, akafaulu hesabu na kuanguka karibu masomo mengine yote, kisha mwaka 1992 akajiunga na chuo cha ufundi, fani ya majokofu, akahitimu mwaka 1994. Mwalimu wake wa hapo aliwanyima wanafunzi kipimajoto mwaka mzima, akiwataka waweke kiganja juu ya chuma, juu ya maji, juu ya nyama, waseme kimepoa kiasi gani na tangu lini, na marehemu aliimudu kazi hiyo kuliko wote, hata wenzake wakawa wanamletea soda wakibishana.

Aliajiriwa katika ghala la baridi la maziwa kuanzia mwaka 1995, na mwaka 2001 alifungua karakana yake katika mtaa wa waziba pancha, mnayoijua kwa yale majokofu mabovu yaliyopangwa nje kama watu wanaosubiri kuhudumiwa. Hapo ndipo alipomfahamu mkewe, ambaye alirudi siku ya pili baada ya kutengenezewa friji, akamwaga nyanya zilizoganda juu ya meza na kuuliza, "Fundi, hizi ni nyanya au kokoto?" Marehemu alikwenda nyumbani kwao mara nne kurekebisha, na yeye mwenyewe alikiri baadaye kuwa mara ya tatu na ya nne friji halikuwa na ubovu wowote. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 21 Agosti 2004.

Mungu aliwajalia pacha, waliozaliwa Jumanne tarehe 12 Juni 2007, miezi miwili kabla ya wakati, Kurwa wa kiume mwenye kilo moja na gramu mia mbili, na Doto wa kike mwenye kilo moja na gramu hamsini, wote wawili pamoja hawakufika hata nusu ya uzito wa kompresa ya friji dogo. Mama yao alishikwa na kifafa cha mimba, hakurudiwa na fahamu, akafariki Alhamisi tarehe 14 Juni. Wodini mashine za joto zilikuwa tatu na zote zimejaa, na muuguzi mkuu, ambaye wodi nzima ilimwita Mama Zamu, alivunja utaratibu, akamkalisha marehemu kati ya akina mama, akamvua shati, akamfunga watoto wote wawili kifuani, ngozi kwa ngozi, akamwambia, "Wewe ndiye mashine ya nne. Ukipoa wewe, wamepoa."

Jumamosi tarehe 16 Juni ilikuwa siku ya kumzika mke wake. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Mama Zamu alipata nafasi moja kwa kuwabana watoto wawili katika mashine moja, nafasi hiyo akapewa Doto kwa kuwa ndiye mwepesi, na Kurwa akahitaji kifua. Marehemu alimwomba mdogo wake, kijana wa miaka ishirini na sita, asiye na mke wala mtoto, naye akakubali. Saa sita mchana alifungwa Kurwa, na marehemu akaondoka kwenda makaburini.

Mpaka leo ukoo umesema kwamba mtoto alizidiwa akiwa kifuani kwa baba yake mdogo. Haikuwa hivyo. Saa saba na nusu walifika mlangoni wanaume wa upande wa wakwe, waliokwama kwa mvua, wakamkuta kijana amekaa kitandani kifua wazi, amefungwa kitambaa, na mmoja wao akasema, "Hongera, mzazi. Umejifungua lini?" Wakacheka, na baadhi ya akina mama wodini wakacheka pia. Kijana naye akajichekesha, akafungua kitambaa, akamviringisha mtoto katika sweta na blanketi, akamlaza kitandani, akavaa shati na kutoka nao barazani, akijiambia ni dakika tano. Walizungumza habari za mvua na za gari la kukodi. Ilipita karibu saa nzima. Aliporudi, nyayo za mtoto zilikuwa kama maji ya bomba, akamfunga upesi kifuani mwake, akamwita muuguzi, na saa nane na dakika arobaini Mama Zamu akasema basi.

Marehemu alirudi saa tisa, viatu vikiwa na udongo wa kaburi la mkewe. Mdogo wake alimwambia, "Amekata roho hapa hapa kifuani, kaka, sikumwachia hata kidogo." Marehemu alimpokea mtoto, akaweka kiganja mgongoni, kisha kwenye nyayo, kisha tena mgongoni, akakiacha hapo kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Ahsante, mdogo wangu. Nenda kale, hujala tangu asubuhi." Akamchukua Doto kutoka kwenye mashine, akajifunga, akakaa palepale wodini siku thelathini na nne.

Tangu siku hiyo mdogo wake hakubeba mtoto yeyote. Alioa mwaka 2011, akapata watoto wawili, naye hakuwapakata hata wao mpaka walipoanza kutembea wenyewe, na mkewe alidhani ni mkali. Marehemu naye kila akiingia wodini alikuwa na tabia ya kupitisha mkono juu ya vitanda vitupu, kimoja baada ya kingine, na wauguzi wapya walidhani anakagua mashuka.

Mwezi Septemba 2009 Mama Zamu alimwita kwa simu kwa sababu ya mwashi mmoja ambaye mkewe alikuwa chumba cha upasuaji na yeye hajui amshike vipi mtoto njiti. Marehemu alikwenda na Doto wa miaka miwili mgongoni, akamwonyesha. Baada ya mwashi alikuja dereva wa lori, baada ya dereva akaja kinyozi, na mwaka uliofuata kikundi kikaanza kukutana karakanani kila Jumapili saa nane mchana, wanaume wamekaa juu ya majokofu yaliyolazwa, wakijiita Vifua, ingawa mtaani waliitwa wanawake wenye ndevu. Walijifunza kumfunga mtoto, kumnywesha maziwa kwa kikombe, kuhesabu pumzi, kumtambua mwenye homa, kukaa na hasira mpaka ipite bila kuinua mkono. Sharti la kikundi lilikuwa moja, kwamba mtoto haondolewi kifuani mpaka awepo wa kumpokea, na hata nyumba ikiungua aliyembeba atoke naye.

Watoto walipokua, masomo yalikua. Mwaka 2019 dereva wa lori aliuliza, kwa sauti ya chini, baba mwenye binti anayekaribia kuvunja ungo afanyeje, na marehemu akamsimamisha mbele ya wenzake afanye zoezi la kwenda dukani. "Naomba ile bidhaa," dereva akasema. "Bidhaa gani, sukari?" marehemu akamjibu. "Ile ya akina dada." "Mafuta ya nywele?" Walimrudisha mara sita mpaka akasema pedi kwa sauti ya kawaida, na Doto, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alijificha ndani ya friji lisilo na mlango kwa aibu ya kuwa yeye ndiye atakayefuata kununuliwa.

Vitambaa vya kufungia watoto havikuwahi kukosekana. Kila miezi mitatu mfuko uliachwa kwa mlinzi wa hospitali bila jina, vitambaa laini vilivyopindwa ukingo mara mbili ili visimkwaruze mtoto. Marehemu alivigawa, hakuuliza vimetoka wapi.

Mwezi Januari 2024 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, madaktari wakakuta moyo umetanuka. Doto aliacha masomo akiwa kidato cha tatu ili amhudumie. Kufikia Oktoba hakuweza tena kulala chali, akilazwa anazama, mito ikawa inamteleza, na Vifua wakapanga zamu bila kuambiwa, mmoja akikaa kitandani nyuma yake, amemwegemeza kifuani, saa nne, kisha mwingine anampokea. Mwashi alimwambia, "Fundi, umekuwa mzito kwa mtoto njiti," naye akacheka mpaka akakohoa.

Jumapili tarehe 17 Novemba 2024 zamu ya mchana haikuwa na mtu, dereva alikuwa safarini, na mdogo wake, aliyekuwa amesimama mlangoni kama ilivyokuwa desturi yake, alivua shati, akapanda kitandani. Yapata saa nane marehemu, ambaye siku mbili hizo fikra zilikuwa zinakuja na kwenda, aliuliza, "Yule mkubwa nilikuachia wewe. Yuko wapi?"

Daktari alikuwa ameshauri mgonjwa asibishiwe, akiuliza lolote aambiwe la kumtuliza, na Doto, aliyekuwa anaosha kikombe, alifungua mdomo aseme anaye muuguzi. Mdogo wake alimtangulia. "Nilimweka chini, kaka. Walinicheka, nikaona aibu, nikamlaza, nikatoka. Nilipomfunga tena alikuwa ameshapoa."

"Najua," marehemu akasema. Alivuta pumzi mara kadhaa. "Alikuwa amepoa zaidi ya nusu saa." Kisha, mdogo wake alipoanza kujisogeza atoke nyuma yake, akasema, "Usinyanyuke."

Marehemu alifariki saa kumi kasoro robo alasiri. Waliokuwepo walimwambia mdogo wake amlaze, naye akasema hawezi mpaka aje wa kumpokea, akakaa hivyo hadi saa kumi na moja na nusu, alipofika Mama Zamu, mstaafu, kwa fimbo yake, akaweka mikono chini ya mabega.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo na wa wodi ya watoto, majirani waliopika na kuteka maji tangu Jumapili, mafundi majokofu waliofunga karakana zao leo, na Vifua wote. Masomo ya Jumapili karakanani yanaendelea, na msomaji ameandikishwa kuanzia wiki ijayo.

Kwa kuwa mtoto wa kwanza wa marehemu alizikwa tarehe 17 Juni 2007 bila kusomewa chochote, familia inamsomea leo. Kurwa alizaliwa Jumanne tarehe 12 Juni 2007, hospitalini, akiwa wa kwanza kati ya pacha. Hakusoma, hakuajiriwa, hakuoa. Aliishi siku nne, zote kasoro saa moja kifuani kwa mtu. Aliugua baridi, akafariki Jumamosi tarehe 16 Juni saa nane na dakika arobaini mchana, kwa uzembe wa anayesoma. Ameacha dada mmoja, na leo amempata baba yake.

Pumzikeni kwa amani.